Paa la Nyasi na Diski Iliyokufa: Barua ya Wazi kwa Wadhamini wa Kituo chetu cha Utamaduni

Kwa: Wadhamini wa Uganda National Cultural Centre, Kampala
Nakala: Maktaba ya Taifa ya Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere, wenye laibrari za filamu jijini
Yah: Kumteua mtunzaji wa sanaa ya kidijitali

Waheshimiwa Wadhamini,

Mezani pangu hapa Ndeeba kuna diski ya kompyuta ninayokandamizia karatasi zisipeperushwe na feni. Ni nzito na nembo yake bado inang'aa. Ndani yake mna filamu ya katuni ya dakika saba niliyoichora kwa miaka miwili, usiku, baada ya kazi ya mchana ya kuhariri video za harusi na kwanjula, yaani utambulisho wa wachumba. Diski hiyo ilikufa mwaka 2017, umeme ulipokatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja. Fundi niliyempelekea aliitikisa karibu na sikio kama mtu anayechagua mayai sokoni, akasikiliza, akanirudishia. "Pole, ssebo," akasema. Nakala nyingine nilikuwa nayo kwenye flashi, lakini wiki mbili kabla nilikuwa nimeifuta mwenyewe ili nipate nafasi ya kuweka harusi ya mteja.

Kosa ni langu, na simtafuti wa kumbebesha. Nalileta mbele yenu kwa sababu kila ninapolisimulia kwa wenzangu wa kazi, hakuna anayeshangaa. Kila mmoja ana diski yake mezani.

Naandika kwa Kiswahili nikijua wengi wenu mngetarajia Kiingereza au Kiganda. Nataka barua hii isomwe pia Nairobi, Dar es Salaam na Goma, maana nina hakika huko nako kuna diski zinazokandamizia karatasi.

Chukueni kwanza mfano ambao dunia nzima inaujua. Kutoka kwangu hadi Wakaliga ni mwendo mfupi wa boda. Huko ndiko Isaac Nabwana, aliyekuwa akifyatua matofali, alikoanzisha Ramon Film Productions, studio ambayo mashabiki wanaiita Wakaliwood. Mwaka 2010 alitoa filamu ya mapigano, Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa kwa bunduki za vyuma chakavu na kompyuta aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri. Kompyuta hiyo haikuwa na nafasi ya kutosha. Kazi ilipokwisha na kuingia kwenye DVD, ilibidi ifutwe kuipisha filamu inayofuata.

Mamilioni ya watu wameshaitazama filamu hiyo kwenye YouTube. Wanachokitazama ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie, msimulizi anayezungumza juu ya filamu, akitania, akishangilia, akiwaonya wahusika kana kwamba wanamsikia. Filamu yenyewe, ile isiyo na sauti ya VJ, haipo tena. Kazi iliyoifikisha Wakaliga mbele ya dunia imesalimika kwa sababu waigizaji wake waliitembeza nyumba hadi nyumba wakiiuza, watu wakainunua, wengine wakainakili bila kuuliza. Nakala iliyozurura ndiyo iliyopona. Iliyokaa nyumbani ndiyo iliyofutwa.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tutasema kwamba sauti ya VJ nayo ni sanaa, tena sanaa yetu hasa, na kwamba Captain Alex bila Emmie ingekuwa filamu nyingine kabisa. Nakubali. Ndiyo maana nasema tungepaswa kuwa na zote mbili, ili atakayetaka kujua VJ anafanya nini na filamu aziweke bega kwa bega asikilize. Nafasi hiyo imetupotea, na haikupotezwa na vita wala moto. Ilipotezwa na ukosefu wa diski ya pili.

Tangu hapo Wakaliga imefika mbali. Mwaka 2019 Crazy World ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto. Mwaka 2022 kundi hilo lilialikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta fifteen, Kassel, Ujerumani. Nje ya Wakaliga, mwaka 2023 Raymond Malinga, ambaye wengi tulimjua kwa katuni ya mzimu wa shuleni, A Kalabanda Ate My Homework, alikuwa na filamu yake Herderboy ndani ya mkusanyiko wa Kizazi Moto wa Disney+. Kilicho mikononi mwa kampuni kubwa ya California kina wa kukilinda. Nauliza kuhusu kilichobaki huku: michoro ya majaribio, matoleo ya awali, filamu za wale ambao hawakualikwa popote. Mwanafunzi wa Makerere atakayezaliwa mwaka 2040 ataviona wapi?

Mtanijibu kwamba nchi hii imeshapoteza na kupata tena mambo makubwa kuliko hayo. Ni kweli. Mwaka 2015, ndani ya kabati la Uganda Broadcasting Corporation, zilikutwa negativu zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa za enzi za Idi Amin. Zilikuwa zimekaa humo miaka na miaka bila wa kuziuliza hali. Watumishi wa UBC wakishirikiana na watafiti wa Makerere, wa Michigan na wa Australia Magharibi walizipiga skani 25,000, na mwaka 2019 watu wakapanga foleni kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda kuziona.

Hapo ndipo wengi hujifariji vibaya. Negativu ni kitu chenye subira. Picha imo ndani yake, inaonekana kwa jicho. Iinue tu dirishani kwenye jua utaona kofia, medali, uso. Ukiisahau kabatini miaka 40 utaikuta imefifia au imeota ukungu, lakini utaikuta. Diski haina subira hiyo. Kilichoandikwa humo ni alama za sumaku kwenye sahani zinazozunguka chini ya kichwa kinachopita karibu mno bila kuzigusa, na mashine yake huanza kuchoka baada ya miaka michache. Flashi hushika kumbukumbu kwa chaji ya umeme iliyonaswa, na chaji huvuja polepole ikiachwa drooni. DVD za kuchoma nyumbani zina rangi inayoharibika kwa joto na unyevu, na hali ya hewa ya Kampala mnaijua. Ukiisahau diski kabatini miaka 40, utakuta chuma.

Hata diski ikipona, lugha ya faili inaweza kufa. Wengi wetu tuliojifunza katuni za kompyuta miaka ya 2000 tulianzia kwenye programu ya Flash. Tarehe 31 Desemba 2020 wenye programu hiyo walisitisha kuihudumia, na vivinjari vya intaneti vikaacha kuifungua. Kazi ya Flash ya mwaka 2006 leo haichezi mpaka upate programu nyingine inayoigiza mashine ile ya zamani. Faili ni nzima, haina hata mkwaruzo, lakini imekuwa kama barua iliyoandikwa kwa lugha ambayo msemaji wake wa mwisho amezikwa.

Kwa hiyo, waheshimiwa, tukifikiria kuhifadhi kazi hizi kwa mfano wa kabati au ghala tutakuwa tumekosea tangu mwanzo. Mfano unaotufaa upo hapa hapa jijini, kwenye makaburi ya Kasubi.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, mwaka uleule wa Captain Alex, Muzibu Azaala Mpanga iliungua. Ni nyumba wanamolala Makabaka, wafalme wa Buganda, wanne, na tangu 2001 ilikuwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nilikuwa miongoni mwa waliosimama pale asubuhi, na nakumbuka harufu ya nyasi iliyolowa maji. Watu walilia kama waliofiwa. Lakini nyumba ile imejengwa upya, na mwezi Septemba 2023 UNESCO ikaiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Iliwezekanaje? Paa la nyasi halikujengwa kwa nia ya kudumu lenyewe. Nyasi huoza. Kila aliyelijenga alijua kwamba atakuja mtu kulifumua na kuliezeka tena, na kwamba mtu huyo anajulikana kabla hata hajazaliwa: kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye. Ndani ya paa kuna pete 52 zinazowakilisha koo 52 za Buganda. Kazi ya vitambaa vya magome ya mti wa mutuba ina ukoo wake, Ngonge. Moto ulikula nyasi na nguzo, lakini haukuweza kula mgawanyo wa kazi. Siku ya kujenga upya ilipofika, hapakuwa na haja ya kuuliza nani anajua. Mjadala ulikuwa mrefu na kazi ilichelewa, lakini wenyewe walikuwepo.

Miaka kumi baadaye, tarehe 20 Septemba 2020, Jengo Kuu la Makerere nalo liliungua, na hilo lilikuwa jengo la saruji la mwaka 1941. Moto hauchagui nyasi wala saruji. Tofauti huanza asubuhi inayofuata, pale mnapotafuta nani alipewa kazi ya kukumbuka.

Sanaa ya kidijitali ni paa la nyasi. Tukikubali hilo, mambo mengi yanakuwa mepesi. Hatutatafuta tena diski isiyokufa, maana haipo. Tutatafuta mwezekaji: mtu anayejua kwamba kila baada ya miaka michache atafumua na kuezeka upya, atahamisha kazi kutoka diski kuukuu kwenda mpya, kutoka lugha ya faili inayokufa kwenda inayoishi, na kabla hajastaafu atamfundisha anayemfuata.

Kwa nini nawaandikia ninyi? Kwa sababu mlipewa kazi hii kabla kompyuta haijafika Kampala. Sheria iliyounda kituo chenu ni ya mwaka 1959, mwaka ulipofunguliwa ukumbi wa National Theatre, na tangu siku hiyo kukuza sanaa za nchi hii ni jukumu lenu. Mnayo Nommo Gallery pale Nakasero. Mnajua kutunza turubai. Siku hizi mchoraji akifika kwenu na kazi isiyo na turubai, isiyo na fremu, iliyomo yote ndani ya flashi iliyofungwa kwenye kavera ya plastiki, mtampokea, mtaionyesha wiki mbili, kisha mtamrudishia flashi yake. Huo ndio utaratibu ninaoomba ubadilishwe.

Najua hoja tatu zitakazotolewa kikaoni. Niruhusuni nizitangulie.

Ya kwanza itasema kazi hizi zipo mtandaoni tayari. Zipo leo. Mwaka 2019 mtandao wa MySpace ulikiri kupoteza muziki uliopakiwa na watumiaji wake kati ya 2003 na 2015, miaka 12 ya nyimbo, wakati wa kuhamisha mitambo. Na sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, wako wasanii ambao maonyesho yao yote, picha, maoni ya watazamaji na tarehe za kazi vilikuwa humo na si kwingine. Sizungumzii siasa, nasema tu kwamba ukiweka ghala lako kwenye kiwanja cha mtu mwingine, huna ufunguo wa geti. Tena YouTube huonyesha nakala iliyobanwa ili isafiri haraka. Haiweki mafaili ya kazi yenyewe, safu za michoro, sauti kabla hazijachanganywa. Na msanii akifariki na nenosiri lake, familia hubaki nje ya mlango.

Ya pili itasema kila msanii atunze chake. Mimi nilitunza changu, na mmeshaona nilivyokitunza. Msanii anayeishi kwa harusi ya Jumamosi hadi harusi ya Jumamosi atafuta kazi yake ya moyoni ili apate nafasi ya kazi ya tumboni. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2006 inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Diski haijaisoma sheria hiyo. Haki itakayoishi nusu karne kaburini ina faida gani ikiwa kazi yenyewe haikumaliza miaka minane?

Ya tatu itasema fedha hakuna. Hii naiheshimu, maana najua bajeti ya utamaduni nchini inavyokatwa. Ndiyo maana siombi jengo. Maombi yangu ni manne, na lililo kubwa ndilo la bei nafuu.

Kwanza, mteueni mtu. Mmoja, kwa jina, mlango wake uwe na kibao. Aitwe mtunzaji wa sanaa ya kidijitali. Kazi yake ya kila mwaka iwe kufungua kila faili alilokabidhiwa na kuhakiki kuwa ni lilelile. Njia ipo na haina gharama: kompyuta huweza kulipatia kila faili namba ndefu inayotokana na kilichomo ndani, kama alama ya kidole. Kikibadilika chochote, hata nukta moja ya rangi, namba haifanani tena, na mtunzaji anajua mara moja kwamba ni wakati wa kwenda kwenye nakala nyingine.

Pili, ziwepo nakala tatu, na moja iwe nje ya Kampala. Wataalamu duniani hushauri nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali. Nakala moja ibaki kwenu. Ya pili iende Maktaba ya Taifa, ambayo kwa Sheria ya 2003 tayari hupokea nakala za machapisho ya nchi, au Makerere. Ya tatu iende Gulu au Mbarara, kwa kuwa Kampala yote hunyeshewa mvua moja na hukatikiwa umeme mmoja. Makerere wanajua thamani ya nakala ya mbali. Muziki wa kasri la Buganda ulinyamazishwa kasri hilo, Lubiri, lilipovamiwa Mei 1966, lakini Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho, alikuwa ameurekodi miaka ya nyuma na rekodi zake zikahifadhiwa London. Nakala zake zilirudi Makerere, kwenye hifadhi ya sauti yenye jina lake. Ni jambo la kushukuru, na pia la kujiuliza kwa nini nakala ya mbali ilibidi iwe mbali kiasi kile.

Tatu, kila kazi ipokelewe pamoja na masimulizi yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muulizeni msanii akiwa hai: ulitumia mashine gani, programu ipi, herufi zipi, muziki wa nani, ilionyeshwa wapi mara ya kwanza, watazamaji walipiga kelele wapi, tukishindwa kabisa kuifungua, ni kitu gani ndani yake ambacho lazima kibaki? Kwa filamu za vibandani, ulizeni pia VJ alikuwa nani, na mpokee matoleo yote mawili. Mkataba wa kukabidhi uandikwe wazi kwamba kutunza si kumiliki: msanii hubaki na haki zake, nanyi hamtauza wala kuonyesha bila ruhusa yake. Bila karatasi hiyo hataleta mtu, nami nitakuwa wa kwanza kutoleta.

Nne, na hili litawakera wengine, waiteni wenye laibrari. Nawasema wale vijana wenye vibanda vya kunakili filamu kwenye flashi, kuanzia Wandegeya hadi Nateete, ambao tunawaita wezi wa kazi zetu. Wamenakili bila kulipa, ndiyo. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: katika diski zao za mwaka 2012 huenda mna filamu za Uganda ambazo waliozitengeneza hawana tena. Watangazieni mwezi mmoja wa kuleta walichonacho bila kuulizwa walikipataje. Wao walikuwa wahifadhi wetu bila kujua, nasi tulikuwa tunawatukana.

Kuna atakayeuliza kama kila kitu kihifadhiwe. Hapana. Anzeni na kazi 50 kwa mwaka wa kwanza, mkichagua pamoja na wasanii wenyewe. Harusi ninazohariri sitazileta, ingawa mwanahistoria wa mwaka 2080 huenda akazitamani kuliko katuni yangu, kwa kuwa atataka kujua tulivyokuwa tukicheza, tukivaa gomesi na kanzu, na nani alikaa meza ya mbele.

Waheshimiwa, naomba dakika 20 katika kikao chenu kijacho. Sitakuja na projekta. Nitakuja na diski yangu na kuomba ipitishwe mkono kwa mkono kuzunguka meza. Msihangaike kuifungua. Kila mmoja aitikise kidogo karibu na sikio, asikilize, kisha ampe aliye jirani yake. Ikimaliza mzunguko, nitauliza swali moja tu: kati yenu, nani ni Ngeye wa nyumba hii?

Wenu katika kazi,
Mhariri wa video na mchora katuni, Ndeeba, Kampala